Njia ya Kwenda Ng'ombe Mmoja

12 Februari

Kaka Fundi,

Shikamoo. Nimefika, nimepewa chumba, nimeanza kazi. Hayo nilikuandikia kwenye simu siku ile ya kwanza, ukanijibu "Vizuri", nikabaki nimeishika simu kama mtu aliyefungiwa mlango sentensi ikiwa mdomoni. Sikulaumu. Najua simu kwako ni ya kutazama saa tu tangu masikio yalipokuacha, na ujumbe wa simu unauona ni wa kuambiana mkaa umeisha. Basi tuandikiane barua. Nazituma kwenye sanduku letu la posta lile lile la Baba, ufunguo usiupoteze.

Kazi ni ile waliyotuambia. Nyumba ya wazee, ghorofa mbili, korido ndefu yenye harufu ya sabuni na supu. Nawaogesha, nawavisha, nawalisha wasioweza kushika kijiko, nawageuza wasioweza kujigeuza. Mgongo unauma lakini moyo hauna shida na kazi. Shida inaanza nikivua sare. Chumba changu kina kitanda, kabati, na dirisha linalotazama ukuta wa jengo jingine. Naweza kumaliza siku yangu nzima ya mapumziko sijafungua mdomo.

Wananiuliza natoka wapi. Nikiutaja mji wetu, wanaurudia kwa namna ambayo hata mimi nisingeutambua. Juzi msimamizi aliitaja nchi yetu mbele ya wenzangu, nikageuka kuangalia ni nani mwingine amekuja. Na wao pia siwaelewi. Nchi hii sisi nyumbani tunaiita kivyetu, tumeiita hivyo tangu shuleni. Nimelitaja jina hilo hapa, wakanitazama tu. Kumbe wenyewe wana jina jingine kabisa. Miaka yote tulikuwa tunaisema nchi ya watu nyuma ya mgongo wao.

Nina ombi. Niandikie njia ya nyumbani. Kuanzia ukishuka stendi mpaka mlangoni kwetu, kila mahali kama tunavyopaita sisi, usiruke hata mahali pamoja. Nataka niwe natamka nikiwa peke yangu, maana naona ulimi wangu unaanza kulala.

Na chumba cha Baba usikigeuze stoo ya rangi. Nakujua.

Mdogo wako,
Mziwanda


3 Machi

Mziwanda,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Njia hii hapa. Unashuka stendi, unawapita wauza mitumba, unapandisha Penye Ngazi. Ngazi zenyewe hazipo tangu wewe hujazaliwa, lakini ukiita jina jingine hakuna atakayekuelewa. Ukifika juu ni Kwa Mshona Viatu. Mshona viatu alikufa, mwanawe akafungua duka la simu, na akiulizwa duka liko wapi anajibu, "Kwa Mshona Viatu," kama vile hamjui huyo mtu. Unaendelea mpaka Bomba Bovu. Bomba lilitengenezwa mwaka ule Mama alipofariki, likawa linatoa maji kuliko mabomba yote ya mji, na bado ni Bovu. Hapo unakata kushoto, unapita uchochoro ambao watu wawili hawawezi kupishana bila kusalimiana, unatokea Ng'ombe Mmoja.

Baba alikuwa anasema palikuwa na mzee aliyejigamba kutwa kuhusu ng'ombe zake, na hakuna aliyewahi kumwona zaidi ya mmoja. Mzee ameshasahaulika jina, ng'ombe ndiye aliyebaki.

Mlango wetu ni ule wa kijani. Unausukuma kwa goti chini kwanza, ndipo kwa bega.

Nilipokuwa naandika nilikuwa nayataja majina kwa sauti. Sijisikii, lakini koo linajua limesema nini.

Kazi zipo. Halmashauri imenipa kuchora vibao vya barabara mpya, majina mapya yote, kazi ya miezi. Wanataka herufi nyeupe juu ya bluu. Kijana wa ofisini ananiandikia maneno kwenye karatasi kwa herufi kubwa kama ninayesomea chekechea; nimeshindwa kumweleza kwamba kilichoharibika ni masikio.

Chumba cha Baba sikukigeuza stoo. Kwa hilo ulale usingizi.

Kaka yako


21 Aprili

Kaka Fundi,

Shikamoo. Njia yako naitembea kila siku nikiwa naosha vyombo vya asubuhi. Penye Ngazi, Kwa Mshona Viatu, Bomba Bovu, nakata kushoto. Nikifika mlangoni nasukuma kwa goti. Mwenzangu mmoja aliniona nikipiga kabati teke, akaniuliza kama niko sawa.

Nimepata mtu wa kuongea naye. Ni bibi wa chumba cha mwisho, mjane wa mwoka mikate, mkali kama pilipili. Nilikuwa namchana nywele nikautaja mji huu tunaoishi. Akaushika mkono wangu na kitana ndani yake.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Unautaja mji wangu kama mtu anayesoma maandishi ya chupa ya dawa. Hatuusemi hivyo. Herufi hizo za katikati ni za wageni na za ramani. Sisi tunazimeza."

Basi akanifundisha kumeza. Ukweli, Kaka, ni kwamba jina hilo ndilo lililonipoteza wiki ya kwanza, sikukwambia. Nilimtajia dereva wa basi jina kama lilivyoandikwa, akasikia la mji mwingine unaofanana, akanishusha huko. Nililoa mpaka ndani ya viatu nikitafuta njia ya kurudi. Sasa juzi nilipanda basi nikalitaja kama Bibi alivyonifundisha. Dereva hakuinua hata macho, akanipa tiketi. Kule kutotazamwa kulinifurahisha kuliko salamu.

Bibi akataka na mimi nimfundishe la kwetu. Nikamwambia Ng'ombe Mmoja. Akasema "Nigombe". Akasema "Gombe". Nikamwambia aanze kama mtu anayelalamika tumbo, "ng'", kisha aachie. Ilichukua wiki nzima. Siku aliyolipata alilitangaza chumba cha chakula kizima, na mzee wa meza ya pili akampelekea maji akidhani ameomba kitu.

"Huko Ng'ombe Mmoja," akaniuliza, "nani anakungoja?"

Nikamwambia kaka yangu, na nyumba ya baba yetu.

Nimeamua. Mkataba ukiisha Desemba sitautia saini mwingine. Narudi. Nimeona kitambaa kizuri cha mapazia, rangi ya udongo, na hapa kuna mama anashona vizuri. Nipimie madirisha, Kaka. La chumba cha Baba na lile la sebuleni linalotazama uchochoro. Upana na urefu, na uache nafasi ya pindo.

Mdogo wako


15 Mei

Mziwanda,

Marahaba. Dirisha la chumba cha Baba ni sentimita tisini na tano upana, mia na ishirini kwenda chini. La sebuleni ni mia na arobaini upana, kimo ni kile kile. Hivi ndivyo yalivyo.

Mapazia si ya haraka. Kama kitambaa ni ghali, kiache.

Huyo bibi namheshimu bila kumwona. Mwambie ng' yake aitunze, huku kwetu iko hatarini. Nilimuuliza kijana wa halmashauri kwa nini Ng'ombe Mmoja haimo kwenye orodha ya vibao. Akaniandikia: "Kwenye ramani hapajawahi kuwa na kitu hapo." Nikamwambia mimi nilizaliwa kwenye hicho kisicho kitu. Akacheka, akanipigapiga begani, akanipa karatasi ya majina mengine.

Mvua imekatika. Mimi mzima. Kula vizuri.

Kaka yako


2 Agosti

Kaka Fundi,

Shikamoo. Hukuniandikia Juni wala Julai. Najisemea ni vibao hivyo.

Nina habari nzuri na usinikasirikie kwa kutokuuliza kwanza. Kuna Nesi mmoja wa zamu yetu, naye ni wa mji wetu, upande wa hospitali kubwa. Anaenda likizo kuwaona wazazi wake, ameondoka leo. Nimempa mapazia. Yameshonwa, Kaka, yana pindo la kushonwa kwa mkono na pete za shaba. Nimemnakilia njia yako neno kwa neno, kwa kuwa yeye upande wetu haujui. Atakuja kwako Jumamosi ya wiki ijayo, au ile inayofuata kama hii barua itachelewa. Nimemwambia chumba cha Baba kiko wazi kama akichoka na kelele za kwao.

Mtandikie vizuri. Na umwambie asukume kwa goti.

Bibi anakohoa sana siku hizi. Ameniuliza kama Ng'ombe Mmoja kuna ngazi, maana magoti yake. Nikamwambia ngazi zipo kwenye jina tu. Akasema basi anaweza kuja.

Mdogo wako mwenye furaha


6 Agosti

Mziwanda,

Samahani kwa ukimya. Kazi ilinibana.

Nakuandikia asubuhi, nimetoka kufagia. Nimefungua dirisha la chumba cha Baba hewa ipite. Mwanga unaingia mpaka kitandani. Nilikaa kidogo pale ukingoni, mahali alipokuwa anavulia viatu. Uchochoroni wanapita watu wale wale, nasalimia kwa mkono, hata mama wa maandazi anakuulizia.

Kila kitu kiko palepale ulipokiacha. Usiwe na wasiwasi wa kuharakisha Desemba. Kama wanakuongezea mkataba, uchukue.

Kaka yako


9 Septemba

Kaka,

Barua yako ya tarehe sita Agosti ilifika. Nesi naye amefika. Mapazia yamerudi naye kwenye mfuko ule ule.

Nitakuandikia alivyonieleza, ili usinisahihishe baadaye kwamba nilisikia vibaya.

Alishuka stendi na karatasi mkononi. Penye Ngazi alionyeshwa. Kwa Mshona Viatu alionyeshwa. Bomba Bovu, vijana wawili walisema hawapajui. Akauliza Ng'ombe Mmoja, wakamwambia kama anataka nyama aende sokoni. Akasonga mbele mwenyewe, akakuta barabara pana yenye magari yanayopishana kwa kasi, na ng'ambo ya pili uwanja wa changarawe. Hakuna uchochoro. Hakuna mlango wa kijani wala wa rangi nyingine. Alisimama na mapazia yangu kifuani.

Mwenye duka la simu ndiye aliyemwelekeza kwenye karakana yako nyuma ya mashine ya kusaga. Anasema ulikuwa unachora, umempa mgongo. Alipokugusa bega ulimdhania mteja. Akakuandikia kwenye ubao wako: "Ng'ombe Mmoja ni wapi?"

Na wewe ukamjibu kwa mdomo, kwa sauti kubwa ile yako isiyojijua. "Palibomolewa, dada. Februari. Ulikuwa unamtafuta nani?"

Ukaendelea mwenyewe. Ukamweleza siku ilivyokuwa, ukamwonyesha kwa mikono ukuta wa mbele ulivyoanguka kwa ndani. Ukamwambia hapo ndipo unapolala sasa. Aliona godoro nyuma ya makopo ya rangi. Anasema uliinama ukawa unafuta brashi iliyokuwa safi tayari, na yeye akaona akijitaja ametumwa na mimi atakuwa amekuvua nguo. Akakuaga kwa kichwa. Akaondoka.

Kwa hiyo mgeni alikuuliza mara moja, ukamwambia. Mimi nimekuuliza tangu Februari. Umenipimia madirisha. Umeniambia mwanga unaingia mpaka kitandani.

Nimewahi kukudai nini, Kaka, zaidi ya kuniambia ukweli? Nimekuwa natembea kila siku njia inayoishia kwenye changarawe. Wewe ulinitazama nikitembea.

Bibi hayupo. Wanawe walikuja kumhamishia nyumba ya wazee ya mji mwingine karibu na kwao, siku yangu ya mapumziko, hatukuagana. Kitanda chake kina mtu mwingine. Sasa hakuna hata mmoja jengo zima anayeweza kusema Ng'ombe Mmoja, na wewe ndiye unayeniambia, kupitia kwa mgeni, kwamba na penyewe hapapo.

Usinijibu kama utanijibu na uongo.


1 Oktoba

Mziwanda wangu,

Sina uongo wa kukuandikia. Yule dada namkumbuka. Alikuwa na mfuko ameukumbatia, na alinitazama kama watu wanavyomtazama mfiwa. Nilijiuliza siku nzima ametoka wapi; barua yako ya Agosti ilinifikia yeye ameshaondoka. Mwombee kwangu msamaha kwamba sikumpa hata maji.

Ilikuwa hivi. Ulipoondoka, wiki iliyofuata gari la halmashauri lilipita mtaani na kipaza sauti. Lilipita siku kadhaa, asubuhi na jioni, likitangaza tarehe. Kila mtu alisikia. Mimi nilikuwa ndani nachora, dirisha wazi, gari linapita kwa futi chache tu, nikaona vumbi nikafunga. Majirani walidhani najua. Nani angefikiri mtu hajasikia kelele kama ile? Siku nilipomwona mama wa maandazi anashusha mabati ndipo nikamuuliza anatengeneza nini. Aliniandikia kwa kidole kwenye unga wa meza yake: KESHO.

Nilitoa nilichoweza. Kitanda cha Baba hakikupita mlangoni, unajua kilijengwa ndani. Walipoanza sikusikia kitu. Nilihisi kwenye nyayo.

Barua yako ya kwanza ilinikuta nimekaa juu ya godoro katikati ya makopo. Unataka nikuongoze nyumbani, unataka majina yote. Ningekuandikia nini? Ningekwambia nyumba imebomolewa kwa tangazo ambalo sikulisikia, wewe ungesoma neno moja tu: kwamba laiti ungekuwepo. Miaka yote wewe ndiye uliyekuwa unanigusa mkono kuniambia mlango unagongwa, maziwa yanamwagika, fulani anakuita. Uliogopa kuondoka kwa sababu hiyo, na mimi ndiye niliyekufukuza uende ukapate maisha yako. Sikutaka wiki tatu baadaye nikuandikie kwamba uliogopa sahihi.

Hilo ni la kwanza. La pili ni baya zaidi, nalo nalisema kwa kuwa umekataza uongo. Nilifurahi. Nilipokuandikia njia ile, nilirudi nyumbani. Ukaniandikia unasukuma kabati kwa goti, nikacheka peke yangu mpaka mteja akaondoka. Mziwanda, mimi majina siyasikii tena kwa mtu yeyote. Watu huku wakinionea huruma wananiandikia kwa herufi kubwa maneno mafupi: NYEUPE. KUBWA. IJUMAA. Wewe tu ndiye uliyekuwa unaniandikia Bomba Bovu, nami nikisoma mwandiko wako nasikia ulivyokuwa unalitaja ukiwa mdogo, unavuta ile "vu" ya mwisho kama unayeita mbuzi. Sikutaka iishe. Madirisha niliyapima kichwani, na nina uhakika wa kila sentimita.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini uniandikie.

Kaka yako


20 Novemba

Mziwanda,

Sanduku la posta nalifungua kila ninapopita mjini. Hamna kitu. Sikulaumu, nakuarifu tu kwamba nalifungua.

Jana nimemaliza kibao cha mwisho, na kwa bahati ndicho cha pale petu. Pamekuwa kituo cha magari. Wamepaita kwa jina la mhandisi wa kigeni aliyejenga barabara. Nimekichora vizuri, sikuharibu makusudi, kama unajiuliza. Bluu na nyeupe, nafasi sawa kila upande. Jina ni hili: STRYCKA.

Nililitazama mpaka rangi ikakauka. Sijui linasemwaje. Herufi zimebanana mwanzoni, hakuna mahali pa kuvutia pumzi. Majina yote mengine niliyowahi kuchora nilikuwa nimeyasikia kabla sijawa hivi, au nilikuwa naweza kuyakisia. Hili limezaliwa baada ya masikio yangu. Nilikwenda nikasimama kituoni nikawatazama watu midomo. Wanalitaja, naona wanalitaja, makondakta wanalitaja kutwa nzima. Midomo inafunguka zaidi ya nilivyotegemea. Nikajaribu mwenyewe, mtoto aliyekuwa na mama yake akacheka, basi nikajua sijalipata.

Naishi mahali nisipojua kupataja. Nafikiri wewe unajua hali hiyo kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana nakuandikia bila kujali kama utajibu.

Sikio la kushoto bado lina kijisauti kidogo, mtu akisogea karibu kabisa. Sijamwomba mtu yeyote huku alisogelee. Ukija, kama utakuja, ulisikie wanavyolisema, kisha uniambie.

Kaka yako


18 Desemba, mchana, mlangoni kwako

Kaka Fundi,

Shikamoo. Nimegonga. Nimegonga kama mtu asiyekufahamu, mpaka fundi baiskeli wa jirani akanihurumia. "Dada, huyo humpati kwa kugonga. Andika kikaratasi, kipitishe chini ya mlango, sisi ndivyo tunavyofanya." Anasema umo ndani, na kwamba unajifungia ukipuliza rangi ili vumbi lisiingie. Basi karatasi hii nimemwomba yeye, na kalamu ni yake, anaingoja.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Hasira ilipoisha nikawa naona aibu kwamba hukuwa na mtu wa kukugusa mkono siku ile. Nilianza barua nyingi, kila moja nikaishia kwenye salamu. Mwishowe nikaona nikate tiketi, ni rahisi kuliko kuandika.

Nimekuja na lile jina uliloniagiza. Stendi nilimwonyesha kondakta barua yako, kidole kwenye herufi zile. Akazisoma, akaangua kicheko. "Hii mbona Sitirika." Nikamwomba arudie. Abiria wakarudia kwa niaba yake: Sitirika, dada, Sitirika. Hawamezi chochote. Kila herufi wameipa pa kukaa. Huyo mhandisi akija leo akaitwa hivyo hatageuka, lakini hapa hakuna anayejua kwamba lilikuwa jina la mtu. Mama aliyekaa pembeni yangu ananiambia kwao ni Sitirika, mtoto wake amezaliwa Sitirika. Akaniuliza kama mimi ni mgeni huku.

Nikamwambia ndiyo.

Nilishuka kituoni kwako, nikakiona kibao. Herufi zimesimama vizuri. Nilisimama chini yake kidogo, magari yakipita, nikatafuta mahali ulipokuwa mlango. Nadhani ni pale katikati ya barabara, pale penye mstari mweupe, lakini sina uhakika, na sikulia, nilidhani nitalia. Kisha nikauliza mashine ya kusaga iko wapi, nikaletwa mpaka hapa.

Nina begi moja. Nimekaa juu ya kopo lako la rangi lililopinduliwa, upande wa kivuli. Nitakusemea sikioni, la kushoto, mara nyingi utakavyotaka.

Fundi baiskeli anataka kalamu yake. Usikae ukaandika jibu, Kaka. Fungua mlango.

Mziwanda